Nani amewasukumia mtoni?

KUNA makosa ambayo mwenyewe anajulikana. Mtu akiiba kuku wa jirani, mwizi yupo, jirani yupo na manyoya yapo. Kadhi hana kazi kubwa. Lakini lipo kosa la aina nyingine ambalo sidhani kama tumelizungumza vya kutosha katika mimbari na darsa zetu. Ni lile lililogawanywa kwa watu wengi mno, hata kila mmoja akabakiwa na kipande kidogo mfano wa punje ya mtama. Mshike mmoja wao umwambie "umedhulumu", atakutazama kwa mshangao wa kweli. Hakumpiga mtu, hakuchukua cha mtu. Alinunua tu, tena kwa pesa yake halali. Sasa dhulma ya namna hiyo ni ya nani? Na je, ikigawanywa sana hufika mahali ikaisha?

Swali hili lilinijia nikiwa ndani ya boti, darubini shingoni, mahali ambapo kwa kweli nilikuwa nimekwenda kustarehe.

Nilikuwa Kuala Lumpur kumtembelea mpwa wangu anayesoma huko. Akaona si vizuri mjomba arudi Dar es Salaam akiwa ameona maghorofa tu, wakati maghorofa hata Kariakoo yapo. Tukapanda ndege hadi Sandakan, katika jimbo la Sabah lililoko kaskazini mwa kisiwa cha Borneo, na kutoka hapo tukaenda kwa gari zaidi ya saa mbili hadi kijiji cha Sukau, kando ya mto Kinabatangan. Ni mto wa kilometa zipatazo 560, mrefu kuliko yote katika jimbo hilo, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Wenyeji wake huitwa Orang Sungai, maana yake Watu wa Mto, na wengi wao ni ndugu zetu Waislamu. Unasikia adhana, unaitikiwa salamu, na ukitega sikio katika mazungumzo yao unaokota maneno unayoyajua: dunia, adabu, habari. Mnyama kwao ni "haiwan". Neno hilohilo sisi tunalo, ila tumelibakiza kwa ajili ya kutukanana. Asili yake ni uhai, kitu chenye uhai, lakini siku hizi ukimwita mtu hayawani jiandae kwa ugomvi.

Utaratibu wa safari yenyewe ni mwepisi. Baada ya kuswali Alasiri mnaingia kwenye boti ndogo, watu wanane au kumi, kila mmoja na boya lake la kuvaa kifuani. Kiongozi anaendesha mpaka kwenye kijito kinachoitwa Menanggul, ambako miti ya pande mbili inakaribia kukutana juu. Hapo anazima mashine na boti linachukuliwa na mkondo polepole. Hakuna anayeambiwa anyamaze. Watu wananyamaza wenyewe.

Kwanza ni kima wenye pua ndefu, ambao duniani kote wanapatikana Borneo tu. Dume lina pua inayoning'inia mpaka mdomoni na tumbo kama la mgeni mashuhuri wa karamu, na Wamalay wamelipa jina la "monyet belanda", yaani kima wa Kiholanzi, kwa jinsi walivyowaona wakoloni wa Kiholanzi waliotawala maeneo ya jirani. (Utani wa mtawaliwa ni silaha kongwe.) Wanakula majani na matunda mabichi, na ikifika jioni wanakuja kulala kwenye miti ya kando ya mto. Tuliwaona wakirukaruka matawi, mama na mtoto tumboni, dume moja likiguna juu ya mti kama mzee aliyeamshwa. Wakapita hondohondo wawili, mabawa yao yakivuma hewani utadhani mtu anapepea upawa mkubwa. Mamba alikuwa kwenye tope. Mbele kidogo kiongozi akanyoosha kidole juu, na baada ya kuhangaika na darubini nikamwona orangutani jike akikunja matawi, anatandika kitanda chake cha usiku. Karibu kila jioni hutengeneza kipya.

Tuliporudi kwenye mto mkubwa tukakuta kundi la tembo. Tembo wa Borneo ni mdogo kuliko wa kwetu, uso wake una umbo la kitoto. Walikuwa kama kumi na watano, wakila majani marefu ukingoni, na ndama mmoja akipenya katikati ya miguu ya wakubwa. Boti nne zilikuwa zimeshafika kabla yetu. Wazungu wenye kamera zenye midomo mirefu kama mizinga walikuwa wanapiga picha bila kupumua. Mpwa wangu na mimi tukawa tunasema mashaAllah, mashaAllah. Nikamwambia kiongozi wetu, kijana wa hapo Sukau, kwamba leo tumepata bahati kubwa kuona wote hao kwa saa mbili.

"Si bahati, Pakcik," akasema. Pakcik ni namna yao ya kumwita mtu wa umri wangu, kama sisi tunavyosema baba mdogo. "Hawana pengine pa kwenda."

Akaongeza kuwa babu yake alikuwa akitaka kuona tembo anatembea msituni siku nzima na pengine asiwaone. Sasa wanapita nyuma ya jiko. Kisha boti likakata kona, miti ya ukingoni ikaachia mwanya, na nyuma yake nikaona minazi. Ndivyo nilivyodhani kwanza. Haikuwa minazi. Ilikuwa michikichi, mistari kwa mistari, mpaka jicho linapokoma. Nikakumbuka kuwa kwa muda mrefu wa safari ya gari kutoka Sandakan tulikuwa tunapita katikati ya miti hiyohiyo, nami nilikuwa nasinzia.

Ndugu msomaji, habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Bonde la chini la Kinabatangan lilikuwa msitu. Kuanzia miaka ya 1950 ukataji mkubwa wa magogo ukaingia, na kuanzia miaka ya 1980 mashamba ya michikichi yakaenea juu ya ardhi iliyokatwa. Msitu uliobaki ni utepe kando ya mto, nao umekatikakatika. Mwaka 2005 serikali ya jimbo ilitangaza eneo la hifadhi la takriban hekta 26,000, lakini si kipande kimoja; ni vipande 10, na baina ya kipande na kipande kuna mashamba, barabara na vijiji. Tembo, ambaye tabia yake ni kutembea masafa, akifuata njia ya mababu zake anakutana na waya wa umeme.

Kwa hiyo mgeni anayekwenda kutazama wanyama anaona wengi, tena kwa wepesi. Anarudi kwao anawasifia wenzake kwamba mto ule umejaa wanyama. Kweli umejaa. Chumba ambacho familia tatu zimehamia baada ya nyumba zao kubomolewa nacho kimejaa. Niseme kwa uadilifu kwamba kima wale wa pua ndefu hata zamani walikuwa wakilala kandokando ya mito, ndiyo desturi yao. Lakini tembo na orangutani hawakuumbiwa kuishi kwenye utepe.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa cha ndege mmoja, ambacho wengi tumekisikia na tumekipita haraka. Maswahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), naye alipojitenga kwa haja yake, wakaona ndege mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda. Yule ndege akawa anatanda mbawa zake juu yao kwa mahangaiko. Mtume (s.a.w.) aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya watoto wake, na akaamuru warudishiwe. Angalia tofauti ya kutazama. Ndege ni yuleyule, mbawa ni zilezile. Wengine waliona ndege anarukaruka. Yeye aliona kuwa kuna mtu amefanya jambo, na swali lake likawa: nani?

Sisi kwenye boti tulisema mashaAllah, na hilo ni jema. Qur'an inatuita mara kwa mara tutazame alivyoumbwa ngamia, zilivyoinuliwa mbingu na ilivyosimamishwa milima. Inatuambia pia kuwa viumbe watambaao na warukao ni umma mfano wetu. Lakini anayeishia kwenye mashaAllah wakati umma ule umebanwa mbele ya macho yake ametazama nusu. Tembo hakusimama pale ukingoni kama kwamba ameumbwa dakika ile. Kuna kilichomleta.

Basi nani? Mwenye shamba atasema ana hati. Kampuni itasema inalipa kodi na kuajiri. Mchuuzi wa mafuta atasema yeye ni mchuuzi. Na mwisho wa mnyororo, bila haja ya kusafiri hadi Borneo, nipo mimi. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayotumia Tanzania huagizwa kutoka nje, na mengi katika hayo ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Kwa hiyo yamo kwenye maandazi ya asubuhi na chapati za futari. Sambusa ambazo hakuna Ramadhani ya Dar es Salaam isiyozijua, nazo huchovywa humohumo. Ukiondoka jikoni, mawese yamo pia kwenye sabuni na kwenye biskuti za watoto. Sikatai kuwa katika dumu langu la mwaka mzima huenda hakuna hata tone moja la Kinabatangan. Inawezekana pia limo. Hakuna anayejua, na kutojua huko ndiko kunakotupa usingizi mzuri.

Tena mti wenyewe ni wa kwetu. Hapa nchini husemwa sana kuwa Wamalaysia walichukua mbegu Kigoma, na wanasiasa wanaipenda hadithi hiyo. Linalojulikana ni kwamba mchikichi ni mti wa Afrika, na kwamba mwaka 1848 Waholanzi walipanda miche minne yenye asili ya Afrika katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Sehemu kubwa ya michikichi iliyokuja kuenea Asia ya Kusini Mashariki ina nasaba na miche ile. Uzao wa miche minne ndio uliokuja kuwabana tembo. Sielezi hayo ili tudai fidia.

Atatokea ndugu aseme: Mwenyezi Mungu amewatiisha wanyama na ardhi kwa ajili ya mwanadamu, na wewe unatuletea huruma za Kizungu. Hoja hii inastahili jibu. Kutiishiwa kitu si kupewa ruhusa ya kukimaliza. Mwenye kukabidhiwa ng'ombe akamue maziwa hajakabidhiwa amchinje ili mwenye ng'ombe akose. Na hiyo huruma kuiita ya Kizungu ni kusahau kwamba kabla ya vyama vyote vya kutetea wanyama, tulikwishaambiwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Mtazame huyo paka vizuri. Yule mwanamke hakumpiga. Alimfungia mlango tu. Na waya wa umeme uliozunguka shamba, tuuite nini?

Hoja yenye uzito zaidi kwangu ni ya maskini. Mama lishe wa Buguruni anayekaanga samaki hawezi kuambiwa atumie mafuta ya zeituni. Zaidi ya hapo, wataalamu wanakubaliana kuwa hekta moja ya michikichi hutoa mafuta mara kadhaa kuliko hekta ya soya au alizeti. Tukiacha mawese leo na kukimbilia mafuta mengine, huenda tukahitaji ardhi kubwa zaidi na kumhamishia mzigo mnyama mwingine katika bara jingine. Wanaosema "susieni mawese" wamelifanya jambo kuwa jepesi kuliko lilivyo, na mara nyingi ni watu ambao nchi zao zilimaliza misitu yake zamani.

Na hoja ya tatu ndiyo iliyonirudisha kwenye swali la mwanzo: mchango wangu ni tone. Nikiacha mimi, hakuna tembo atakayejua. Kweli tupu. Lakini mafakihi wetu walilijua zamani tatizo hili kwa upande wa pili, upande wa wajibu. Wajibu wa kumzika maiti asiye na jamaa ni wa nani? Si wangu peke yangu, si wako peke yako. Kwa hesabu yetu ya mtaani, wajibu wa watu elfu ni wajibu wa sehemu moja ya elfu, maana yake hakuna kitu. Fiqhi haikufanya hesabu hiyo. Ilisema ni faradhi kifaya: wakitosheleza baadhi, wengine wamesameheka, asipopatikana wa kutosheleza, wote waliojua na kuweza wamepata dhambi. Si kipande cha dhambi. Dhambi. Wingi wa watu haukuigawa.

Mimi si mufti, na kama kuifikisha faradhi kifaya mpaka kwenye dumu la mafuta ni kuivuta kupita kiasi, masheikh watanirekebisha. Lakini naona ndani yake muna jibu ambalo wanafalsafa wa siku hizi wanalitafuta kwa tochi. Wajibu haumwangukii mama lishe kwanza, kwa sababu yeye hana uwezo. Unamwangukia anayeweza: anayeagiza mafuta kwa meli, anayeandika mikataba, anayetoa vibali. Tangu mwaka 2004 upo utaratibu wa kimataifa wa kuthibitisha mawese yaliyolimwa bila kumaliza misitu, uitwao RSPO. Una wakosoaji wake, na si bure. Lakini upo, na muulizaji anaweza kuuliza. Sisi tuliozoea kuuliza kama nyama ni halali tunajua vizuri kuwa muuzaji akiulizwa na wateja mia kwa wiki hubadilika. Sijawahi kumsikia mteja Kariakoo akiuliza mafuta yametoka shamba gani. Wala mwenyewe sikuwahi kuuliza kabla ya safari ile, nani angenijibu?

Sasa yupo atakayesema suluhisho ni utalii wenyewe: watazamaji walipe, pesa iwafikie wenyeji, msitu uwe na thamani ukiwa umesimama. Kuna ukweli. Katika kijiji cha Batu Puteh, juu ya mto huohuo, wanakijiji wana ushirika wao wanaopokea wageni majumbani na kupanda upya miti katika msitu ulioharibika. Hilo ni jambo la kupigiwa mfano. Lakini tusiwape watazamaji sifa zote. Pale Sukau palikuwa na mpango wa kujenga daraja kuvuka mto. Watetezi wa wanyama walipinga kwa sababu barabara ingekata njia ya tembo, na mtangazaji maarufu wa Uingereza, David Attenborough, akatia sauti yake. Mwezi Aprili 2017 ukatangazwa uamuzi wa kuuacha mpango ule, na ulitangazwa London. Binafsi naona tembo walikuwa na haki. Lakini walikuwepo wenyeji waliolitaka daraja, na uamuzi wa daraja la kijijini kwako kutangazwa katika mji ambao hujawahi kufika ni jambo linalouma, hata kama uamuzi ni sahihi. Mzigo wa kuwahifadhi tembo ulikuwa umewekwa juu ya mtu wa Sukau, anayesubiri pantoni na mgonjwa wake. Mwenye shamba alibaki na shamba lake, na mlaji wa maandazi akabaki na maandazi yake.

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa na eneo la malisho lililohifadhiwa, hima, na alimweka msimamizi aitwaye Hunayy. Maelekezo aliyompa yamehifadhiwa katika Sahih Bukhari, na kwa maoni yangu yanafaa kusomwa katika kila wizara ya maliasili. Alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Maswahaba watukufu hao, tena matajiri. Sababu yake ilikuwa wazi: mifugo ya hao ikifa, wanayo mashamba na mitende ya kurejea, ya maskini ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa. Hifadhi ilikuwepo, na gharama yake ilianzia kwa mwenye nacho.

Haya si ya Borneo tu. Mwaka 2018 serikali yetu ilianza msukumo mpya wa kilimo cha michikichi Kigoma, ili nchi ijitosheleze kwa mafuta. Ni jambo la kheri. Watu wa Kigoma na Ujiji wamekula mawese tangu enzi za mababu, na hakuna sababu ya wao kuendelea kuwa maskini juu ya zao lililotajirisha wengine. Lakini mkoa huohuo una Gombe, moja ya hifadhi ndogo kabisa za taifa letu, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Baadaye vilima vingi vya nje ya mipaka yake vilikatwa miti, na sokwe wakabaki kwenye utepe wao kando ya ziwa. Mgeni akienda leo anawaona, anapiga picha, anasema amepata bahati.

Sheria ya Sabah ya mwaka 1998 inataka mita 20 ziachwe kando ya mito. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 imetaja mita 60, na kwa karatasi sisi tumewapita. Ningependa mbunge mmoja wa Kigoma asimame aulize ni vijito vingapi vya mkoa wake vimewekewa alama za mita hizo kabla ya miche kugawiwa, ni njia zipi za wanyama zimepimwa, na je, atakayeambiwa arudi nyuma atakuwa mwenye ekari mbili au mwenye ekari elfu mbili. Miche ya michikichi huchukua miaka mitatu au minne kuanza kuzaa. Muda wa kuuliza upo, lakini si mwingi.